Kumenya Yai la Kuchemsha Bila Kulichubua

Yai la kuchemsha lililomenywa vizuri hutoka zima, jeupe na laini, bila alama ya ukucha. Lililogoma hutoka na mashimo: ute umenyofoka vipande vipande na kubaki kwenye ganda, na mahali pengine kiini kinachungulia nje. Mpishi hujilaumu kwa haraka yake, au humlaumu kuku. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii huamuliwa kabla ganda halijaguswa. Huamuliwa na umri wa yai, na joto la maji linakotumbukizwa, na namna linavyopozwa. Vidole huja mwisho, kukusanya faida au hasara iliyokwisha kupatikana.

Ganda la yai ni la chokaa, ile ile kalsiamu kaboneti ya matumbawe na makoa, na lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho. Chini yake kuna tando mbili nyembamba. Wa nje umegandamana na ganda, wa ndani umeukumbatia ute. Tando hizo zimeshikana pande zote isipokuwa upande mnene wa yai, ambako zimeachana na kuacha chumba kidogo cha hewa. Kumenya vizuri ni kuufanya utando wa ndani uachane na ute na kuondoka pamoja na ganda. Anayebandua ganda peke yake na kuuacha utando nyuma bado hajamenya. Amejiongezea kazi tu.

Ute wa yai lililotagwa leo umebeba gesi ya kaboni dioksaidi, na kwa sababu hiyo pH yake ni ya chini, karibu 7.6. Kadiri siku zinavyopita gesi hiyo hutoka kupitia vitundu vya ganda, na pH hupanda hadi kupita 9. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini jikoni ni kubwa. Ute wenye pH ya chini ukiiva hung'ang'ania utando. pH ikishapanda hadi kukaribia 9, ute hushikana wenyewe kwa wenyewe na kuuachia utando uende zake. Wakati huohuo yai linapoteza maji kidogo kidogo, chumba cha hewa kinapanuka, na mahali pa kuanzia kumenya panakuwa pakubwa zaidi.

Hapo ndipo yai la kienyeji linaposingiziwa. Husemwa kwamba mayai ya kienyeji hayamenyeki, kwamba ganda lake ni gumu au ute wake una gundi. Mara nyingi kosa lake ni moja tu: limetoka kwenye kiota asubuhi na kuingia sufuriani adhuhuri. Yai la kisasa la dukani limekwisha kusafiri kutoka bandani hadi kwa wa jumla, kutoka kwa wa jumla hadi kwenye trei ya muuza duka, na katika safari hiyo limezeeka kwa siku kadhaa bila mtu kukusudia. Yai la kienyeji likisubirishwa siku hizohizo humenyeka vilevile. Yai jipya kabisa, basi, ni la kukaanga, ambako ute ulioshikana vizuri ni sifa. La kuchemsha liachwe likae. Katika joto la Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, siku tatu nne kwenye trei iliyo kivulini zinatosha. Kwenye friji mambo huenda polepole, na wiki moja hadi siku kumi ndio kiasi.

Asiyejua umri wa mayai yake huyapima kwenye bakuli la maji. Yai jipya hulala ubavu chini kabisa. Lenye siku kadhaa huinua upande mnene, kwa kuwa hewa iliyo ndani imeongezeka. La majuma mengi husimama wima, na linaloelea juu ni la kutiliwa shaka: lipasuliwe peke yake kwenye kikombe, mbali na mengine, maana huenda ni viza. Mayai yanayofaa kuchemshwa ni yale yaliyoinama na yaliyoanza kusimama.

Baada ya umri huja joto, na hapa ndipo nyumba nyingi hukosea. Desturi iliyozoeleka ni kupanga mayai sufuriani, kuyamiminia maji ya bomba, na kuyaweka jikoni hadi yachemke. Desturi hiyo ina sababu zake: mayai hayapasuki, na mpishi anaweza kushughulikia mengine. Lakini maji yakipanda joto polepole, hasa juu ya jiko la mkaa ambalo halijakolea, ute huanza kuiva taratibu kuanzia nyuzi 60 na kitu, na safu yake ya nje hupata muda wa kujishikiza kwenye utando. Yai likitumbukizwa katika maji yanayotokota, safu hiyo ya nje huganda ghafla na kujikunja ndani kabla haijashikana na chochote. Mwandishi wa mapishi wa Marekani, J. Kenji López-Alt, aliyechemsha mayai mengi kwa njia nyingi ili kuzilinganisha, alifikia hukumu hiyohiyo: kinachorahisisha kumenya kuliko hila zote ni kuanza na maji ya moto. Hata yai jipya, ambalo kwa haki lingepaswa kugoma, huachia kwa heshima likianzwa hivyo.

Hofu ya kuanza na maji ya moto ni kupasuka, na hofu hiyo ina msingi. Yai lililotoka kwenye friji likiangushwa katika maji yanayochemka hupigwa na joto, hewa iliyo ndani hutanuka haraka kuliko inavyoweza kutoka, na ganda hupata ufa. Dawa yake ni subira ya dakika kumi: mayai yatolewe kwenye friji mapema, au yawekwe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu wakati sufuria inasubiriwa kuchemka. Kisha yashushwe moja moja kwa upawa hadi yaguse chini. Yasiangushwe kutoka juu. Baada ya hapo moto upunguzwe kidogo ili maji yatokote bila kuyagonganisha. Wengine hutoboa upande mnene kwa sindano ili hewa ipate njia. Tundu hilo husaidia umbo la yai, lisiwe na bonde upande mnene, lakini kwa kumenya halibadilishi kitu cha maana.

Njia iliyo bora zaidi, na inayopuuzwa, ni mvuke. Maji ya kina cha kidole kimoja hutiwa sufuriani na kuchemshwa, chujio la chuma au kichanja huwekwa juu yake, mayai hupangwa humo, na mfuniko hufungwa vizuri. Mvuke wa maji yanayochemka una joto lilelile la maji yenyewe, kwa hiyo ute hupigwa na moto ghafla kama inavyotakiwa. Mayai hayachezi wala kugongana, kwa hiyo yanayopasuka ni machache. Tena maji kidogo huchemka upesi, na katika nyumba inayohesabu gesi au mkaa hilo peke yake ni sababu ya kutosha. Jambo la kuangalia ni moja: maji yasikauke kabla ya wakati. Presha kuka nayo humenyesha mayai vizuri sana, hata yale ya leo, ila huyaivisha kupita kiasi kwa kupepesa macho, na aliye nayo atalazimika kuharibu mayai mawili matatu kabla hajaijua.

Dakika huhesabiwa tangu yai linapoingia katika maji yanayochemka. Yai la kisasa la ukubwa wa kati, lenye gramu 50 na kitu, hutaka dakika sita hadi saba kiini kikiwa bado kinatiririka, tisa kikiwa kimeshika lakini kina unyevu katikati, na kumi na moja hadi kumi na mbili kikiwa kimekauka. La kienyeji ni dogo zaidi, kwa hiyo hupunguziwa dakika moja hadi mbili. Kwa mvuke huongezwa dakika moja. Saa hizi ni za pwani. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mbeya na nyanda nyingine za juu hali ni hiyohiyo. Mpishi wa huko huongeza dakika moja na nusu au mbili, na anayefuata saa za mgeni wa Zanzibar atashangaa kwa nini kiini kimebaki kibichi. Yai ambalo ute wake haujaiva sawasawa humenyeka vibaya hata likiwa na umri unaofaa, kwa kuwa ute laini huchanika kabla utando haujaachia.

Kuzidisha muda nako hakusaidii. Yai lililochemshwa nusu saa huwa na ute kama mpira na duara la kijani-kijivu kuzunguka kiini. Rangi hiyo hutokana na chuma kilichomo kwenye kiini kukutana na salfa itokayo kwenye ute, na haina madhara kwa mlaji, ingawa haipendezi sahanini na huja na harufu yake.

Kuhusu chumvi, siki na magadi, jikoni kuna imani nyingi kuliko matokeo. Chumvi na siki zina kazi, lakini kazi yenyewe ni nyingine: yai likipata ufa, huufanya ute unaovuja ugande haraka na kuziba mlango, badala ya kutapakaa sufuriani kama matambara. Kwa kumenya hazina msaada wa kuonekana. Magadi yana hoja nzuri zaidi, kwa sababu ni alkali, na alkali ndiyo inayotakiwa. Shida ni kwamba alkali hiyo iko nje ya ganda na ute uko ndani, na dakika kumi na mbili ni chache kwa safari hiyo. Nusu kijiko cha chai kwa lita moja ya maji huweza kusaidia kidogo; zaidi ya hapo yai huanza kunuka salfa. Mwenye mayai ya siku nne na maji yanayotokota hahitaji kitu chochote kati ya hivyo.

Yai likishaiva linapaswa kupozwa mara moja, na kupozwa kweli. Hili huzuia kiini kisiendelee kuiva kwa joto lililobaki, huukaza ute ili ustahimili vidole, na huufanya usinyae kidogo kutoka kwenye ganda. Tatizo la pwani ni kwamba maji ya bomba yenyewe ni ya uvuguvugu mchana kutwa. Mayai kumi na mawili yakimwagiwa maji ya namna hiyo, baada ya dakika mbili beseni zima linakuwa la moto. Penye barafu, bakuli la maji na barafu kwa dakika kumi hadi kumi na tano linatosha. Pasipo barafu, maji ya mtungi hufaa, na maji ya bomba pia hufaa yakibadilishwa mara tatu nne hadi yai likishikwa liwe baridi mpaka ndani. Hila ndogo yenye faida kubwa ni kuligonga kila yai kidogo upande mnene, ufa tu, kabla ya kulirudisha kwenye maji baridi. Maji hupenya kupitia ufa huo na kuanza kutenganisha utando na ute wakati mpishi anakata vitunguu.

Sasa vidole. Yai hugongwa kwanza upande mnene, penye chumba cha hewa, kwa sababu hapo ganda liko mbali na ute. Kisha hulazwa juu ya meza na kubiringishwa kwa kiganja, kwa uzito mdogo, mpaka ganda zima lijae nyufa ndogo ndogo kama tope la bwawa lililokauka. Nguvu ikizidi, ute hupasuka humo humo ndani. Ikipungua, ganda hubaki vipande vikubwa vyenye kingo kali, na kingo hizo ndizo zinazochana. Baada ya hapo kidole gumba huingizwa upande mnene, na hapa ndipo penye siri yote ya mikono: kishikwe kitu cheupe chembamba kama karatasi ya sigara kilicho chini ya ganda. Huo ndio utando. Ukishikwa wenyewe, ganda huufuata likiwa limeshonwa juu yake, na yai huvuliwa kwa mkanda mmoja au miwili. Ukikosekana, ganda hutoka chembe moja moja, na mpishi atatumia robo saa kwa yai moja huku akisali.

Kazi hiyo ifanyike ndani ya bakuli la maji, au chini ya bomba linalotiririka kidogo. Maji huingia kati ya utando na ute na kufanya kazi ya kilainishi, tena huosha chembe za ganda ambazo vinginevyo zingekutwa na meno. Mahali penye ukaidi, kijiko kidogo cha chai hufaa kuliko ukucha. Mgongo wake wa mviringo hufuata umbo la yai, husukumwa polepole chini ya utando na kuzungushwa, na ganda huinuka lote. Wapo wanaoweka yai kwenye chupa au kopo lenye maji kidogo, wakafunika na kulitikisa. Njia hiyo ni ya haraka na hufurahisha watoto, lakini yai moja kati ya kadhaa hutoka limepasuka, kwa hiyo haifai kwa mayai ya wageni.

Ustadi wa kweli wa kazi hii uko kwa wauzaji wa barabarani. Muuza mayai wa stendi hugonga upande mnene kwenye ukingo wa ndoo, huvingirisha yai mara moja kati ya viganja viwili, na kabla mteja hajamaliza kutafuta chenji ganda liko chini na yai liko kwenye kipande cha karatasi na chumvi ya pilipili. Huko Nairobi, yai la kupasua hukatwa katikati bila kutenganishwa kabisa na kujazwa kachumbari. Yai lililochubuka halivumilii kujazwa namna hiyo. Huvunjika mkononi mwa mteja, na mteja hulipia kwa shingo upande. Ndiyo sababu muuzaji mzoefu hapendi mayai ya asubuhi hiyohiyo. Hajui habari za pH, anajua tu kwamba trei ya jana au juzi haimpotezei muda.

Mayai ya ndege wengine yana tabia zao. La bata ni kubwa, hutaka dakika mbili tatu zaidi, na ute wake ni mgumu kuliko wa kuku, hivyo huvumilia vidole. La kanga lina ganda nene linalohitaji kugongwa kwa moyo. Gumu kuliko yote kwa mikono ni la kware, lenye gramu kumi hivi, lenye utando mgumu ukilinganisha na udogo wake na ganda linalovunjika kuwa unga. Huchemshwa dakika tatu hadi nne, hupozwa vizuri, kisha hufinywa taratibu pande zote kati ya vidole viwili mpaka lilegee, na kuvuliwa kuanzia upande mnene kwa mzunguko mmoja kama ganda la chungwa. Anayemenya mengi anaweza kuyalaza kwenye siki. Asidi ya siki hula chokaa, vipovu hupanda juu, na baada ya saa kadhaa ganda huwa limeyeyuka na kuacha utando peke yake. Ila yai hubaki na uchachu, kwa hiyo njia hii ni ya mayai ya achari, si ya mtoto.

Yai likigoma licha ya yote hayo, nguvu haisaidii. Lirudishwe kwenye maji baridi dakika tano, kisha lianzwe upande mwingine. Likiwa limeshachubuka, matumizi yake hubadilishwa. Mayai mazima na laini huwekewa akiba kwa ajili ya biriani, mchuzi wa mayai wa nazi, na yale yanayovikwa nyama ya kusaga na kukaangwa, kwa sababu huko umbo linaonekana. Yaliyoharibika hukatwakatwa kwenye saladi, hupondwa na kupakwa kwenye mkate, au huingia kwenye viazi vya katlesi, ambako hakuna atakayeuliza yalimenywaje.

Mayai yaliyochemshwa yasiachwe mezani zaidi ya muda wa saa mbili, na katika joto kali iwe nusu ya hapo. Kwenye friji, yakiwa na maganda yake, hukaa hadi wiki moja. Yaliyomenywa huwekwa kwenye chombo chenye mfuniko, kwa kuwa ute mtupu hukauka juu na kunyonya harufu ya samaki na vitunguu vilivyo jirani. Ya safari yabebwe bila kumenywa, chumvi ifungwe pembeni kwenye karatasi, na yaliwe mwanzoni mwa safari, si mwishoni.